Na Mwandishi Wetu

Mfereji ulikohoa gizani. Ulikohoa, ukanyamaza, kisha ukaanza kutema upepo, fsss, fsss, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Mama kijana aliyelala na mwanawe kwenye kitanda cha ukutani alifumbua macho, akainuka kwa ncha za vidole, akaisukuma ndoo kwa mguu hadi chini ya mfereji. Maji yalipokuja aliyanusa kabla ya kuyagusa. Yalinuka kama kiatu kipya kilicholowa.

"Leo tena?" Sauti ya dada yake ilitoka upande wa pili wa pazia.

"Leo tena."

"Usimpe mtoto."

"Hata nikichemsha?"

"Kuchemsha kunaua vijidudu, mdogo wangu. Dawa ya kiwandani ya kulainishia ngozi haichemki ikafa."

Dada alijua anachosema. Alikuwa mfungua valvu wa idara ya maji: mwanamke mrefu wa buti za mpira, akizunguka mitaani na spana iliyomzidi mtoto kwa urefu, akifungulia mtaa huu maji na kuufungia ule. Mshahara wake ndio uliolipa kile chumba. Mdogo wake alichapa kazi za watu kwenye duka la fotokopi mchana, akasoma darasa la jioni, na katikati ya hayo, kwa kidole gumba kimoja, akaandika blogu kwenye simu: wapi maji yametoka, wapi yamekatika, wapi yananuka. Wasomaji walimbatiza Mama Mfereji. Mwanawe walimwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hafungi mdomo, lakini wiki hiyo Chiriku alikuwa kimya. Tumbo lilikuwa likimwendesha, na macho yalikuwa yameingia ndani.

Kulipokucha, akielekea kazini, mama mtu alipita kwenye meza ya magazeti nje ya soko. Watu walikuwa wamejazana kama kawaida, shingo zimenyooshwa, wakisoma vichwa vya habari bila kununua. Kichwa kikubwa kilisema: MAJI NI SALAMA. Alitoa simu akakipiga picha.

"Dada, gazeti hununuliwa. Halipigwi picha kama bibi harusi."

Aligeuka. Nyuma yake alisimama mwanaume wa shati jeupe lililokunjwa mikono, miwani imeungwa gundi upande mmoja, wino mwekundu umemkauka kwenye kidole cha shahada.

"Na wewe nani? Mume wa gazeti?"

Watu wakaangua kicheko.

"Karibu hivyo," mwanaume alisema. "Nafanya kazi mle ndani. Hicho kichwa cha habari nimekiandika mimi."

"Basi umeandika uongo kwa hati nzuri. Njoo kwangu uyanuse."

"Nimealikwa?"

"Umealikwa kunusa, hukualikwa kunywa."

"Jamani," muuza magazeti aliingilia, "kama mnachumbiana mbele ya bidhaa yangu, angalau nunueni moja."

Mwanaume alinunua, akampa. Alimtazama kwa makini, kuanzia gauni la maua lililofifia kwa kufuliwa hadi kidole gumba kilichokuwa bado kwenye simu. "Subiri. Wewe ndiye Mama Mfereji? Chumba cha habari kizima tunakusoma."

"Mnasoma, halafu mnanakili. Juzi habari yangu ya bomba la pale shuleni mmeichukua neno kwa neno, juu yake mkaandika 'Na Mwandishi Wetu'. Huyo mwandishi wenu analala kwangu?"

Mwanaume aliona haya kweli. Masikio yalimcheza. "Lile lilikuwa kosa. Ila Mwandishi Wetu wakati mwingine—"

"Wakati mwingine ni mwizi," alimalizia yeye, akaondoka na gazeti lake kwapani.

Alfajiri ya pili yake, kabla hajaenda kulala kutoka zamu, yule mwanaume alikuja kunusa. Alikuja na maji ya chupa ya mtoto, akapiga magoti kwenye ndoo kama anayesali, akainuka na uso umebadilika. Chiriku alimtazama kutoka kitandani.

"Unaitwa nani?"

"Kazini wananiita Kalamu Nyekundu. Nasahihisha makosa ya watu."

"Sahihisha tumbo langu."

Kalamu Nyekundu alimfungulia chupa ya maji. Tangu siku hiyo hakukosa kuja, na mama wa Chiriku akajikuta anachana nywele mapema zaidi. Simu nazo zikaanza, za mchana, za wakati wa kupanda ngazi za darasa la jioni, za mtu amebanwa na kazi lakini hataki kukata.

"Umekula, Bwana Gazeti?"

"Nimekula sentensi zako. Zina chumvi nyingi."

"Si uzipunguze? Wewe si fundi wa kukata?"

"Za kwako naogopa, mpenzi. Nikikata naona kama nitakutoa damu."

"Muone! Maneno hayo umeyatoa ukurasa wa ngapi?"

"Ukurasa wa matangazo madogo. Anatafutwa mama mmoja, mkali, anapenda maji."

Alikuwa akicheka mpaka mwenye duka la fotokopi anamkohoa. Dada alikuwa akimsikia akicheka vile na kujidai amelala. Zamani mdogo wake alicheka hivyo kwa mwanaume mmoja, na matunda yake alikuwa Chiriku, na mwanaume hakuonekana tena. Lakini huyu wa miwani alikaa chini na mtoto kumsaidia kutunga shanga, na shanga zilipopungua akang'oa kifungo cha koti lake mwenyewe kijaze pengo. Bangili hiyo Chiriku alimvisha mama mkubwa. "Usivue," alimwambia, na mama mkubwa hakuvua, hata kazini.

Siku moja ya mapumziko, dada alimwambia mdogo wake, "Vaa viatu vya kuharibu. Nikuonyeshe kitu."

Walikwenda nyuma ya kiwanda cha ngozi, mahali mtaro wa maji machafu unapopita chini ya barabara. Dada alifunua mfuniko wa shimo. Bomba lililokuwa likileta maji mtaani kwao lilipita katikati ya uchafu ule, limepasuka ubavuni, na pale lilipopasuka lilifungwa mpira wa gurudumu la baiskeli.

"Nikifunga valvu, bomba linabaki tupu," dada alieleza. "Likiwa tupu linanyonya. Na kilichopo hapa cha kunyonya unakiona mwenyewe."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia mpaka wamenichoka. Wanasema lifungwe mpira mwingine." Aliinama, akauvuta ule mpira kwa mkono ili ufa uonekane. "Piga. Bomba liandike. Mimi usiniandike, unasikia? Mkono huu ndio unaotulisha."

"Dada, mimi ni mtoto?"

Alipiga. Nyumbani alichapa jina la blogu yake chini ya picha, kwa herufi nyeupe, kama alivyofanya kwenye picha zake zote tangu alipoanza kuibiwa. Pembeni mwa herufi zile palikuwa na mkono wa dada yake. Hakuuona. Mkono anaokula nao sahani moja kila siku, mtu atauona vipi?

Aliandika habari yote kwa jioni moja, akamsomea mpenzi wake kwenye simu.

"Upo?"

"Nipo. Usiibandike."

"Kwa nini?"

"Wakikushitaki utasimama mahakamani peke yako na mtoto mgongoni. Sisi tuna wakili. Niletee, itoke kesho, ukurasa wa mbele. Ikishatoka, nawe uibandike."

"Na jina langu?"

"Na jina lako."

"Sema tena."

"Na jina lako, Mama Mfereji wangu. Kubwa, mpaka muuza magazeti alisome bila miwani."

Alimtumia habari na picha. Alimwambia muuza magazeti. Aliwaambia wenzake wa darasa la jioni. Alimwambia hata Chiriku, aliyeuliza kama jina la kwenye gazeti linaoshwa likichafuka.

Jioni ile kwenye chumba cha habari nusu ya meza zilikuwa tupu. Wenyewe walishapunguzwa kazi, na viti vyao vilikuwa vimepangwa ukutani. Simu ya mhariri mkuu, mama mtu mzima asiyevua sweta, iliita. Alisikiliza, akakata.

"Mkurugenzi wa maji," alisema. "Tumemwomba atoe maelezo, yeye anataka kujua nani ametufikisha kwenye lile shimo. Anasema atamtafuta mpaka ampate."

Kalamu Nyekundu aliifungua picha kwenye kioo kikubwa cha kompyuta. Pale ndipo alipouona mkono, na kwenye mkono shanga za kijani na nyeupe, na katikati yake kifungo cha koti lake.

Aliikata picha sehemu ya chini. Mkono ukaondoka, na jina la blogu likaondoka nao. Halafu akatazama jina la mwandishi. Nani pale idarani asingejua huyu ni mdogo wake nani? Akalifuta. Mahali pake akaandika yale maneno matatu ambayo magazeti huyatumia mtu anapohitaji kufichwa, na ambayo wavivu huyatumia wanapoiba: Na Mwandishi Wetu.

Alipiga simu. Mpenzi wake alikuwa kwenye mtihani, simu imezimwa. Alipiga tena; chaji ilikuwa imekwisha, na mtaani kwao umeme ulikuwa umekatika. Kueleza kwa ujumbe hakuthubutu. Kazini alifundishwa tangu siku ya kwanza kwamba aliyekupa habari hatajwi kwenye simu, hata kwa mafumbo. Basi akaandika tu: "Nipigie kabla hujasoma gazeti, mpenzi." Akajiambia ataelewa. Mitambo ikaanza kuchapa.

Asubuhi Mama Mfereji alivaa gauni lake la kitambaa cha bluu, lile la kwenda kwa watu. Mezani muuza magazeti alikuwa ameinama juu ya ukurasa wa mbele, kidole kinatembea.

"Mama, bomba nimeliona. Wewe sikuoni."

Alisoma mwenyewe. Sentensi zilikuwa zake, hata zile za chumvi. Picha ilikuwa yake, imekatwa sawasawa pale jina lake lilipokuwa. Mtu mmoja nyuma yake alisema, "Huyu Mwandishi Wetu leo kafanya kazi kweli," na wengine wakaitikia. Alijihisi amesimama pale bila nguo.

Dukani alichomeka simu kwenye umeme. Ujumbe ukaingia: nipigie kabla hujasoma gazeti. Aliusoma kama mtu anavyosoma barua ya mwizi aliyeomba radhi kabla ya kuingia dirishani. Aliibandika picha nzima kwenye blogu yake na kuandika: *Mwandishi Wetu ni mimi. Hii hapa picha kabla hawajaikata.*

Simu iliita papo hapo.

"Mpenzi, ifute ile picha. Ifute sasa hivi!"

"Nifute ushahidi?"

"Siwezi kueleza kwa simu. Nakuomba kwa jina la Mungu, ifute kwanza, nakuja—"

"Uliniambia kubwa. Mpaka lisomwe bila miwani."

"Nisikilize—"

"Nimekusikiliza vya kutosha. Mume wa gazeti, rudi kwa mkeo."

Alikata, akamfungia namba. Kalamu Nyekundu alipokuja dukani akihema, shati limelowa, aliambiwa na mwenye duka kwamba msichana katoka. Msichana alikuwa nyuma ya mashine ya fotokopi, ameziba mdomo kwa kiganja. Hadi saa ya chakula picha ilikuwa imesambazwa kiasi ambacho hajawahi kukiona. Watu walimpongeza. Bloga mwenzake aliandika: *Wezi wamepatikana!* Alizisoma pongezi zote na hakuna hata moja iliyomshibisha.

Alirudi nyumbani jioni, akampa Chiriku simu atazame picha wakati yeye anakaanga vitunguu.

"Mkono wa mama mkubwa!" Chiriku alisema.

"Uko wapi?"

"Huu. Na kifungo."

Vitunguu viliungua. Alikuwa bado amesimama na mwiko mkononi, anabonyeza futa, futa, kitu ambacho kilishakuwa kwenye simu za watu wote, mlango ulipofunguliwa. Dada aliingia. Miguuni alivaa kandambili za kuazima.

"Wamechukua buti," alisema.

"Dada..."

"Na spana. Msimamizi aliikuza picha kwenye kompyuta, akaniambia nyoosha mkono. Nikaunyoosha. Ningefanya nini?" Alikaa kitandani bila kuvua mtandio. "Nilikwambia neno moja tu, mdogo wangu. Neno moja."

"Gazetini mkono haukuwepo."

"Eeh. Haukuwepo." Dada alimtazama kwa uchovu zaidi kuliko hasira. "Hujajiuliza kwa nini?"

Hapo ndipo alipoelewa, na kuelewa kule kulimkalia kifuani kama jiwe la kusagia.

Zikafuata siku mbaya. Dada alitoka kila asubuhi kutafuta kazi na kurudi na vumbi. Mama wa Chiriku aliifungua namba ya mpenzi wake lakini hakuipiga. Hasira ilishaisha, iliyobaki ilikuwa aibu, na aibu haina namba ya kuanzia. Kalamu Nyekundu naye alipita mtaani kwao, akafika mlangoni, akarudi. Alijiona ndiye aliyefukuza mtu kazi kwa kukata bila kuuliza. Gazeti liliandika kuhusu mambo mengine. Bomba lilibaki mtaroni.

Jumapili mvua ikinyesha, alibisha hodi. Mama wa Chiriku aliisikia ile hodi akajificha nyuma ya pazia kama mtoto. Dada ndiye aliyefungua.

"Ingia. Unalowesha mlango."

"Shikamoo, dada. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba. Kaa hapo. Na wewe wa nyuma ya pazia, miguu inaonekana. Toka ukae pale."

Walikaa, meza katikati yao. Alikuwa amekonda. Gundi ya miwani ilikuwa imeachia.

"Ungeniambia," alisema mama wa Chiriku, sauti ndogo.

"Nilikupigia."

"Ungeniuliza kabla ya kukata."

"Kweli. Ningekuja hata darasani nikutoe." Alitazama mikono yake. "Nilizoea kuamua peke yangu nani afichwe."

"Na mimi nilizoea kuibiwa. Nikaona mwizi tu. Sikukuona wewe."

"Nimekukumbuka sana, mama."

"Usiniambie hivyo mbele ya dada."

"Mkimaliza kugawana lawama mnibakishie kidogo," dada alisema, "maana mimi ndiye niliyefukuzwa." Chiriku alicheka bila kujua kwa nini, na kicheko chake kilichokuwa kimepotea kilifanya wakubwa wote watatu wainamishe vichwa. "Sasa sikilizeni. Mlinificha, mkanifichua. Hamkuniuliza hata mmoja. Leo nasema mwenyewe. Nataka iandikwe kwamba mimi, kwa jina langu na sura yangu, niliwaambia bomba limepasuka wakanifukuza. Itoke gazetini na kwenye simu asubuhi moja, maneno yaleyale, watu wasipate pa kukwepea. Mtaandika nyote wawili, hapa hapa, nikiwaangalia."

"Dada," Kalamu Nyekundu alisema taratibu, "ukijitaja hivyo, hakuna idara ya maji itakayokuajiri tena."

"Kwani sasa hivi ipo?"

Waliandika. Mama wa Chiriku alitaka kuanza na harufu. Kalamu Nyekundu alitaka kuanza na nani alimwambia nani, na lini. Walibishana juu ya neno "uzembe" hadi mvua ikakatika. Mara moja, wakigombea kalamu, vidole vyao viligusana na hakuna aliyeondoa.

"Hii sentensi ndefu," alisema Kalamu Nyekundu.

"Kata basi."

"Nikate?"

"Umeniuliza. Kata."

Ilitoka, na juu yake majina ya wote watatu. Mtaa ulisoma, wengine kwenye karatasi, wengine kwenye kioo. Baada ya wiki kadhaa mafundi walikuja wakachimba, wakapitisha bomba jipya mbali na mtaro. Mkurugenzi alipigwa picha akifungulia maji. Dada hakuitwa. Idara iliondoa matangazo yake gazetini, kurasa zikapungua, na kiti kingine kikapangwa ukutani. Bado hakikuwa cha Kalamu Nyekundu, lakini yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kupanga vitu vyake kwenye boksi kwa tahadhari.

Kisha dada alipata kazi ya kuchimba visima na kampuni ndogo, mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Alikubali bila kufikiri mara mbili. Alifunga begi jioni, na kabla ya mapambazuko akasimama muda mrefu juu ya kitanda cha ukutani.

"Muamshe," mdogo wake alinong'ona.

"Nikimwamsha sitaondoka."

"Dada, nisamehe."

"Nimekusamehe zamani. Ila sijapoa. Ni vitu viwili tofauti, usivichanganye." Alimshika shavu. "Huyu wa miwani, usimwache tena nje ya mlango."

Kalamu Nyekundu alilibeba begi hadi stendi. Aliporudi, jua lilikuwa linachomoza na mama wa Chiriku alikuwa amekaa kizingitini, khanga imemfunika mabega. Alikaa kando yake.

"Nataka kukuoa," alisema. "Najua siku yenyewe si nzuri."

"Nikingoja nzuri tutazeeka."

"Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo." Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. "Lakini usinifurahie sasa hivi, mpenzi. Sina pa kuiweka hiyo furaha."

Hakumfurahia. Alimpa mkono, naye akaushika kwa mikono miwili. Nyuma yao pazia lilisogezwa. Chiriku alisimama peku, nywele zimesimama, anatazama kitanda cha upande wa pili, kilichotandikwa, kisicho na mtu.

"Mama mkubwa hakuniaga," alisema.